Chupa Yenye Nundu Moja

Hakuwa na gari. Hakuwa na dereva wala msaidizi, na soli ya kiatu chake cha kushoto ilikatwa kutoka tairi la pikipiki. Hakuwa na cheo cha kumtisha mtu, wala sauti ya kumwamsha aliyelala. Hakuwa na lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua na vielelezo, maana lakiri na muhuri wa kituo vilikaa katika droo ya Mkuu, na ufunguo wa droo ulikaa kiunoni mwa Mkuu. Zaidi ya yote hayo hakuwa na muda. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu asubuhi Mama Baridi angesimama mbele ya hakimu na kushitakiwa kwa kuwanywesha watoto wa shule rangi ya vitambaa.

Alichokuwa nacho ni maneno mawili. Kila shahidi aliyewahi kukaa mbele yake, awe mwizi wa kuku au mkurugenzi wa benki, aliwahi kuyasikia: hebu rudia. Ndiyo maana pale kituoni jina lake la kuzaliwa lilikwisha kufa na kuzikwa. Askari wenzake, mahabusu, hata mama wa kufagia, wote walimwita Sajini Hebu Rudia.

Kesi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Siku ya michezo ya shule watoto waliugua matumbo, wakatapika uwanjani mmoja baada ya mwingine. Wengi walipona. Msichana mmoja mdogo alikuwa bado wodini na madaktari walikuwa wakizihangaikia figo zake. Mama Baridi, mjane auzaye vinywaji vya baridi kwenye ndoo, alikuwa pale getini na sharubati yake ya rangi ya machungwa. Hebu Rudia mwenyewe ndiye aliyechota chupa moja kutoka ndoo ile. Aliifunga mbele ya Mkuu, akaitia lakiri, akamkabidhi. Mkuu akaipeleka maabara ya serikali. Majibu yakarudi: rangi ya vitambaa. Askari wakapekua chumba cha mama yule, wakakuta paketi ya rangi ya vitambaa.

“Kesi imeiva,” alisema Mkuu. “Imebaki kupakua tu.”

Jambo moja lilimkaa Hebu Rudia kama mwiba wa samaki kooni. Katika orodha ya vielelezo ile paketi iliandikwa “rangi ya vitambaa, moja”, basi. Kila kitu kingine kilikuwa na maelezo yake: ndoo ya bluu, mwiko wa mti, kikombe cha bati. Ni rangi peke yake iliyoandikwa bila rangi.

Akaenda stoo ya vielelezo.

“Nataka kuiona ile paketi.”

Mtunza stoo alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. “Paketi ni paketi, Hebu Rudia. Hata ukiitazama mpaka iote masikio, haitakuambia kitu.”

“Ilete tu, ndugu yangu.”

Ililetwa. Hebu Rudia akaigeuza, akaipeleka dirishani.

“Hii ni nyeusi.”

“Kwani kitambaa cheusi si kitambaa?”

“Sharubati ilikuwa ya machungwa.”

Mtunza stoo akatoa njiti mdomoni, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. “Sasa hilo waulize wenye akili. Mimi natunza, sionji.”

*

Chumba cha mazungumzo pale rumande kilikuwa na meza iliyopigiliwa sakafuni na benchi lisilotosha watu wawili. Mama Baridi aliingia akiwa na kanga ya kuazima. Alikuwa amepungua, lakini ulimi ulikuwa bado na nyama.

“Umekuja, Afande. Mwanangu anakula?”

“Yuko kwa shangazi yake. Jana nilimwona getini kwetu.”

“Getini kwenu anafanya nini? Mwambie akae nyumbani. Mmoja ndani anatosha.”

“Nitamwambia. Mama, ile rangi nyeusi ni ya nini?”

“Ya gauni. Mume wangu alipofariki nilikuwa na gauni moja la maana, nalo jeupe. Nikalichovya. Ungetaka nimzike mwenzangu nimevaa kama bibi harusi?”

“Na sharubati ya machungwa unaitia rangi gani?”

“Ya machungwa siitii rangi ya machungwa.”

“Hebu rudia.”

Akacheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. “Nilijua tu utalisema. Afande, mimi nina makopo mawili. Moja nyekundu, moja manjano, zote za dukani, za kula, zina picha ya keki. Nyekundu naitia kwenye ndoo ya kwanza, manjano kwenye ya pili. Ya tatu natia kijiko kimoja cha huku na viwili vya kule, inatoka machungwa. Makopo mawili, vinywaji vitatu. Kwa nini ninunue kopo la tatu? Nina mgodi?”

“Kila siku unafanya hivyo?”

“Tangu nianze. Wenzangu wananicheka. Wao wananunua paketi ya machungwa iliyokwisha tengenezwa. Wacha wanicheke.”

“Uliwaambia hayo askari waliokuhoji?”

“Waliniuliza kama nilitia rangi. Nikasema nilitia. Wakaandika, wakaniambia nitie dole gumba.”

Mlinzi mlangoni akaanza kucheza na funguo, ishara ya kwamba muda unakwisha.

“Yule mwalimu wa michezo,” Mama Baridi akasema akiinuka, “amekwisha nisamehe shati lake? Siku ile nilimmwagia kikombe kizima kifuani, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Alinuna huyo! Akasema nitamlipa shati jipya. Mwambie asubiri, mwenye deni amefungiwa.” Kisha sauti ikashuka. “Jumatatu nitarudi nyumbani, Afande?”

“Nakwenda maabara sasa hivi.”

“Sikukuuliza unakwenda wapi, mwanangu.”

Akaaga, akatoka.

*

Mkemia wa serikali alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. Maabara yake ilinuka spiriti na mbao za zamani. Hakuinua kichwa.

“Umekuja na barua?”

“Nimekuja na swali.”

“Maswali yanaingia bure hapa. Ni majibu ndiyo yenye utaratibu.”

“Ile chupa ya sharubati. Ulijuaje kuwa ni rangi ya vitambaa?”

Hapo akainua kichwa. Watu walikuwa wakimwuliza amepata nini. Ni wachache waliomwuliza amejuaje. Akamwashiria kiti, akalivuta faili.

“Nianze na la mtoto wa shule. Sharubati nyekundu unaiona nyekundu kwa nini?”

“Kwa sababu ni nyekundu.”

“Kwa sababu imekula kijani. Nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi zote. Inapopita kwenye kinywaji, rangi iliyomo humo inakula sehemu yake na kuacha nyingine. Jicho lako linaona makombo. Mashine yangu inapima kilicholiwa.” Akapiga pigo jepesi juu ya boksi la chuma lililokuwa likinguruma kama friji. “Hii inapitisha nuru kipande kwa kipande, kuanzia zambarau hadi nyekundu, na kila kipande inauliza: umeliwa kiasi gani? Halafu inachora. Panapoliwa sana mstari unapanda. Unapata nundu. Kila rangi ina mahali pake pa kula, kama ng'ombe na malisho yake.”

Akamwekea mchoro mbele. Mstari ulianza chini, ukapanda, ukafanya nundu moja mviringo, ukateremka.

“Hii ndiyo chupa yenu. Nundu moja, kwenye kipande cha nuru cha nanomita mia nne themanini na tano. Ipo rangi halali ya machungwa inayokula karibu na hapo, kwa hiyo nundu peke yake sikuiamini. Nikaikimbiza kwenye karatasi, yaani nikaacha maji yapande na kuibeba, sambamba na rangi ya machungwa ya vitambaa ya dukani. Zikakimbia sawa kama mapacha. Ndipo nikaandika.”

“Nundu moja.”

“Moja.”

“Hebu rudia.”

“Moja, Sajini. Naweza kuhesabu mpaka moja.”

“Mtu akichanganya nyekundu na manjano?”

Mkemia akavaa miwani. Akaenda kabatini, akarudi na vichupa vyake vya rangi halali, akapima matone katika glasi mbili za maji. Katika glasi moja aliweka rangi ya machungwa iliyotengenezwa kiwandani. Katika nyingine alichanganya nyekundu na manjano, tone kwa tone, mpaka zikalingana. Akaziweka dirishani.

“Ipi ni ya mchanganyiko?”

Hebu Rudia akainama, akazitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. “Ya kulia.”

“Kwa nini?”

“Nimebahatisha.”

“Na umekosa. Hata mimi ningekosa.”

Akamimina kidogo kutoka kila glasi katika vichupa vya kioo vya pembe nne, akavifuta kwa kitambaa laini ili alama za vidole zisile nuru, akavitumbukiza mashinani kimoja baada ya kingine. Mchoro wa kwanza ulikuwa na nundu moja. Wa pili ulipanda, ukashuka kidogo kama bonde, ukapanda tena.

“Mbili,” akasema. “Manjano inakula huku kwenye mia nne ishirini na saba. Nyekundu inakula kule mia tano na saba. Ukizichanganya hazizai rangi ya tatu. Zinakaa jirani tu, kila mmoja na sahani yake. Jicho ndilo linalodanganyika na kusema machungwa.”

“Na kama mwenye kuchanganya angeongeza rangi ya vitambaa juu yake?”

“Mstari ungevimba katikati, lakini mabega yangebaki. Manjano haiwezi kutoweka. Kwenye chupa yenu manjano hakuna. Hata chembe.”

Hebu Rudia akaurudia mchoro wa chupa, akaufuata mstari kwa kidole.

“Basi ile si sharubati ya Mama Baridi.”

“Mimi sijui sharubati ni ya nani. Mimi niliipokea chupa ikiwa na lakiri nzima ya kituo chenu na uzi wake. Vyote ninavyo.” Akatoa bahasha, akamwaga mezani vipande vya lakiri nyekundu na kipande cha uzi.

Hebu Rudia hakuugusa uzi ule. Ulikuwa mweupe, wa pamba, mpya.

Siku ile ya michezo uzi wa kituo ulikuwa umekwisha. Alilalamika mbele ya Mkuu, Mkuu akamwambia afunge kwa chochote. Akachomoa uzi wa katani kwenye gunia la mkaa lililokuwa uani, akaifunga nao chupa, fundo mara mbili, lakiri juu yake.

“Umekuwaje? Umepauka,” Mkemia akasema.

“Huu siyo uzi wangu.”

“Una uhakika?”

“Wangu ulikuwa wa katani. Ulinikata kidole.” Akaonyesha kovu dogo. Wote wawili wakalitazama kovu lile, wakaona jinsi lilivyokuwa si kitu.

“Nani alikuona ukifunga?”

“Mkuu.”

Mkemia akarudisha lakiri na uzi katika bahasha, pole pole, kama mtu anayemrudishia mtoto aliyelala shuka. Kisha akaenda kwenye sinki akaanza kuosha vichupa ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa.

“Niletee sharubati ya mama huyo ya siku ile ile,” akasema bila kugeuka. “Si ya ndoo, imeoshwa. Si ya mwiko, watasema ni ya mwaka juzi. Ya siku ile. Bila hiyo una hadithi tu.”

*

Mwalimu wa michezo alimfungulia mlango akiwa na fulana na filimbi shingoni, ingawa shule ilikuwa imefungwa tangu mchana.

“Shati? Lipo! Halijafuliwa na halitafuliwa!”

Mkewe alitokea nyuma yake akikausha mikono. “Karibu, shemeji. Mchukue na mwenyewe ukiweza. Kila siku namwambia nilifue, yeye ananiambia ushahidi, ushahidi. Utadhani nimeolewa na wakili.”

“Ni ushahidi! Alinimwagia mbele ya watu. Nililikunja nikaliweka chini ya sanduku la nguo, aje alione kwa macho yake.”

“Kabla hajakumwagia ulikuwa umekunywa?” Hebu Rudia akauliza.

“Vikombe viwili. Cha tatu ndicho nilichovaa.”

“Ukaumwa?”

“Mimi? Jioni ile nilikula mpaka huyu akaficha sufuria.”

“Ni kweli,” mke akasema. “Niliificha.”

“Watoto walioumwa walikunywa nini?”

Mwalimu akashusha filimbi kutoka shingoni, akaikunja mkononi. “Vya kile kiwanda cha vinywaji cha hapa mjini. Kreti za zawadi, machungwa, chupa ndogo zenye kizibo cheupe. Lori lilizishusha asubuhi, na wakimbiaji ndio waliopewa kwanza. Kesho yake alfajiri lori likarudi likasomba kila kitu, mpaka vizibo. Nilimwambia askari aliyekuja kunihoji. Akaniambia, Mwalimu, jibu unachoulizwa.”

“Hebu rudia.”

Mwalimu akarudia, safari hii bila mikono. Hebu Rudia akaandika.

Shati lilitolewa sandukuni. Doa lilikuwa kubwa kama sahani, la machungwa, limekakamaa kwa sukari, na kwa kuwa lilikaa gizani halikupauka. Akalikunja ndani ya gazeti, akalifunga, akawataka wote wawili watie sahihi juu ya fundo. Mke wa mwalimu akasaini kwa madaha, herufi kubwa kubwa.

“Sasa atalipwa shati?” akauliza.

“Sijui, shemeji.”

“Basi umfungue yule mama tu. Shati ninaweza kununua mimi.”

*

Alifika maabara mlinzi akiwa tayari ameshika kufuli. Mkemia alimpa ishara ya kichwa aingie.

Alikata kipande cha shati kilichokuwa safi na kingine chenye doa, akaviloweka kila kimoja katika maji ya uvuguvugu. Maji ya kipande safi alianza nayo, ili mashine ijue shati peke yake linakula nini na isimsingizie mtu. Kisha akatumbukiza yale ya doa. Mashine ikanguruma. Kalamu yake ikapanda, ikashuka bondeni, ikapanda tena.

“Ngamia,” akasema Mkemia.

Nundu mbili. Mia nne ishirini na saba, mia tano na saba. Baina yao bonde safi.

“Rangi ya vitambaa?”

“Hakuna. Hii mtoto angekunywa, angepata meno mabovu tu.”

Walikaa wakiitazama karatasi ile. Nje mlinzi akagonga mlango kwa kufuli, kwa adabu.

“Nisainie,” Hebu Rudia akasema.

“Siwezi.”

“Mkemia...”

“Siwezi, Sajini, usiniangalie hivyo. Hili shati limeingia hapa bila barua. Nikilisainia, wakili wa serikali atauliza: nani alilituma? Nitasema, sajini mmoja, Ijumaa jioni, ndani ya gazeti. Watalitupa, na mimi pamoja nalo. Na majibu yangu yote kisheria yanakwenda kwa aliyeniandikia. Aliyeniandikia ni Mkuu wako.” Akavua miwani. “Mahakama ikiniagiza, ni jambo lingine. Hakimu akiandika mstari mmoja tu, nipime shati, nitasimama kizimbani na kusema mpaka aombe maji. Asiponiuliza, mimi ni bubu mwenye mashine.”

“Na chupa za kiwanda? Njiani kuja hapa nimenunua moja dukani.” Akaitoa mfukoni.

Mkemia aliipima pia. Nundu moja, lakini kwenye karatasi haikukimbia na rangi ya vitambaa. Ilikuwa ile halali.

“Wamekwisha badilisha,” Mkemia akasema. “Safi kama maji ya zamzamu. Kunywa ukitaka.”

Hakuinywa. Waliiacha mezani, wakatoka.

*

Barua aliiandika Jumamosi asubuhi kwa mkono wake, kwa hakimu. Hakuweka maneno makubwa. Alieleza makopo mawili na vinywaji vitatu, nundu moja na nundu mbili, uzi wa katani na uzi wa pamba. Aliomba mahakama iagize shati lipimwe na yeye mwenyewe aitwe kuapa. Aliisoma, akafuta neno moja, akaiandika upya yote kwa sababu ya neno hilo.

Kuipeleka mwenyewe hakukuwa na maana. Wiki iliyopita alipeleka barua kwa karani wa mahakama kuhusu kesi nyingine, haina lakiri. Karani hakuifungua. “Afande,” alimwambia, “barua ya polisi isiyo na lakiri ya kituo, hapa tunafungia karanga.”

Akagonga mlango wa Mkuu.

Mkuu alikuwa mtu mpole. Katika miaka yote hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Juu ya meza yake palikuwa na chupa ndogo yenye kizibo cheupe, nusu imenywewa. Kando ya ukuta kreti mbili zilikuwa zimepangwa vizuri, na dirishani lilionekana gari la kituo, ambalo tangu mwaka uliopita lilijazwa mafuta kwenye pampu ya kiwanda, kwa hisani, kama ilivyosemwa.

“Karibu, Sajini. Kaa. Kunywa kitu baridi.”

“Nimeshakunywa, Mkuu. Nina barua ya hakimu. Naomba lakiri.”

“Kuhusu yule mama?”

“Kuhusu kielelezo.”

“Umeandika vizuri?”

“Nimeandika nilichoona.”

“Basi.” Mkuu akanyoosha mkono, akaipokea bahasha, akaigeuza, hakuifungua. “Sina haja ya kusoma. Barua ya hakimu si ya kila mtu. Mimi kazi yangu ni kuifunga tu.”

Akatoa ufunguo kiunoni, akavuta droo. Akaweka mezani kijiti cha lakiri, mshumaa, muhuri. Kisha akatoa kibonge cha uzi. Mweupe, wa pamba, mpya, bado una karatasi ya dukani.

Hebu Rudia akautazama uzi ule ukifunguliwa.

“Uzi umepatikana,” akasema.

“Si ulilalamika? Mtu mzima anafunga chupa ya serikali kwa uzi wa gunia. Niliona aibu. Nikaenda dukani nikaununua kwa fedha yangu, jioni ile ile.”

“Hebu rudia, Mkuu.”

Mkuu aliinua macho. Akawasha mshumaa. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani, wala mlangoni, wala kwenye korido. Mkuu akatabasamu, si tabasamu baya, akarudia taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayemsomea mtoto:

“Nimesema, jioni ile ile. Umesikia vizuri sasa?”

“Nimesikia.”

“Andika basi.”

Kalamu ilikuwa mfukoni. Hebu Rudia hakuitoa. Angeandika, na chini ya maandishi pangekuwa na jina la nani? La sajini, na shahidi wa sajini ni kovu la kidole.

Mkuu akaizungushia bahasha uzi, huku na huku, akafunga fundo. Akashika kijiti cha lakiri juu ya mwali. Matone mekundu yakadondoka juu ya fundo, moja, jingine, yakakutana yakawa ziwa dogo. Akakandamiza muhuri, akahesabu kimya kimya, akauinua. Ngao ya kituo ilitokea nzima, bila ufa.

“Umechoka, Sajini,” akasema akipuliza mshumaa. “Nimekuandikia likizo. Inaanza Jumatatu. Nenda kapumzike kwa watoto wako.”

“Jumatatu ni kesi.”

“Ndiyo. Na kielelezo kipo, na ripoti ipo. Wewe utahitajika kwa lipi?” Akaita kupitia dirishani. “Dereva!”

Dereva akaja mbio, akapokea bahasha kwa mikono miwili.

“Mahakamani. Upitie kiwandani kwanza ujaze mafuta.”

“Sawa, Mkuu.”

Hebu Rudia alitoka nyuma ya dereva. Getini binti wa Mama Baridi alikuwa amesimama na kikapu cha nguo za mama yake, kama alivyosimama jana na juzi. Aliiona lakiri nyekundu mkononi mwa dereva, macho yakamng'aa.

“Afande, hiyo ndiyo ya mama?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Imefungwa vizuri?”

Dereva alikuwa amekwisha iweka bahasha juu ya dashibodi, juani, lakiri ikitazama juu. Kwa macho, ilikuwa lakiri kama lakiri nyingine yoyote, nzima kama ile ya chupa iliyofika maabara.

“Imefungwa,” akasema Hebu Rudia.

Gari likanguruma, likatoka getini, likakunja kushoto, njia ya kiwandani.